Joto la dunia ni deni: linavyokua, na sehemu ya mtu mmoja

Mwaka 2020, dunia ilipojifungia ndani kwa sababu ya korona, ndege zililala viwanjani, barabara za miji mikubwa zikabaki tupu na viwanda vingi vikazima mitambo. Hewa ukaa (kaboni dayoksaidi) itokanayo na mafuta, gesi na makaa ya mawe ilipungua mwaka huo kwa takriban asilimia 5, mshuko mkubwa kuliko wowote tangu Vita Kuu ya Pili. Wengi walitarajia angahewa ipate nafuu. Lakini katika kituo cha Mauna Loa, Hawaii, ambako hewa hiyo hupimwa tangu 1958, kipimo kilipanda kama kawaida yake, na mwaka huohuo ukaingia katika orodha ya miaka yenye joto kali zaidi iliyowahi kurekodiwa hadi wakati ule.

Ilikuwaje tupunguze, na bado hali izidi kuwa mbaya? Anayeweza kujibu swali hilo hapotezwi kirahisi na maneno mengi yanayozunguka kuhusu tabianchi. Basi tuanze na hewa yenyewe.

Joto linanaswaje

Nishati ya jua hutufikia kwa sehemu kubwa ikiwa mwanga. Mwanga huo hupenya hewa, hutua ardhini na baharini, na kuzipasha moto. Ardhi na bahari zikishapata joto huirudisha nishati hiyo juu, ila safari hii si kama mwanga bali kama mionzi ya joto, ile isiyoonekana kwa macho ambayo unaihisi ukisogeza kiganja karibu na ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa. Naitrojeni na oksijeni, ambazo kwa pamoja ni asilimia 99 ya hewa kavu, haziizuii mionzi hiyo hata kidogo. Hewa ukaa, mvuke wa maji, methani na gesi nyingine chache huinasa, kisha huitawanya upya pande zote, na sehemu yake hurudi chini. Hizo ndizo gesijoto.

Zisingekuwapo, wastani wa joto la uso wa dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa kuwa zipo, ni kama nyuzi 15 juu ya sifuri. Kwa hiyo gesijoto si sumu. Bila hizo bahari ingeganda. Shida ni kiasi.

Wala elimu hii si ya juzi. Mwaka 1856 Mmarekani Eunice Foote alijaza gesi mbalimbali katika silinda za kioo, akaziweka juani, akaona kwamba ile yenye hewa ukaa inapata moto kuliko nyingine na inachelewa kupoa. Miaka mitatu baadaye John Tyndall, huko Uingereza, alianza kupima maabara jinsi kila gesi inavyonasa mionzi ya joto. Mwaka 1896 Msweden Svante Arrhenius alikokotoa kwa mkono joto litapanda kiasi gani hewa ukaa ikiongezeka maradufu. Alipata nyuzi 5 hadi 6. Makadirio ya leo ni takriban 3. Ninayataja majina haya kwa sababu bado wapo wanaodai kwamba habari ya joto la dunia ilitungwa na wanasiasa wa siku hizi. Arrhenius alipiga hesabu zake wakati magari ya petroli duniani yalikuwa ya kuhesabika.

Kuna hoja moja ya wapinzani inayostahili jibu la kweli, nayo ni kwamba gesijoto yenye nguvu zaidi angani ni mvuke wa maji, si hewa ukaa. Ni kweli. Ila mvuke haukai. Ndani ya siku kumi hivi huwa umeshadondoka kama mvua. Kiasi chake hutegemea joto lililopo: kwa kila nyuzi moja inayoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Maana yake ni kwamba mvuke hauanzishi joto bali hulifuata na kulikuza. Anayetangulia ni yule anayekaa muda mrefu.

Kukopa harusi, kulipa matanga

Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila molekuli milioni moja za hewa, zipatazo 280 zilikuwa za hewa ukaa. Charles David Keeling alipoanza kupima Mauna Loa mwaka 1958 alikuta kama 315. Leo zimepita 420. Karibu nusu ya tunachotoa kila mwaka hufyonzwa na bahari, mimea na udongo. Nusu nyingine hubaki angani, na sehemu yake itakuwa bado ipo baada ya mamia, hata maelfu ya miaka. Moshi wa treni za makaa za karne ya 19 bado tunao juu yetu.

Ndiyo maana 2020 haikuleta nafuu. Mtu aliyekuwa akikopa laki kila mwezi, mwezi huu akakopa elfu tisini na tano, hajapunguza deni. Amepunguza kasi ya kulikuza. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ndiyo watu wengi huikosa, wakiwemo viongozi wanaosimama jukwaani kutangaza kwamba nchi zao "zimepunguza".

Deni hili lina hesabu nyepesi kuliko unavyodhani. Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi, lililoundwa mwaka 1988 chini ya Umoja wa Mataifa, linakadiria kwamba kila tani bilioni 1,000 za hewa ukaa hupandisha wastani wa joto la dunia kwa takriban nyuzi 0.45. Kati ya 1850 na 2019 binadamu alitoa kama tani bilioni 2,400. Zidisha: unapata nyuzi 1 na kitu, ambayo ndiyo karibu kabisa na joto lililokuwa limepimwa kufikia wakati huo. Sasa tunatoa kama tani bilioni 40 kwa mwaka, ukijumlisha na zile za ukataji misitu. Tukiendelea hivihivi, robo karne tu inatosha kuongeza bilioni 1,000 nyingine.

Hesabu hiyohiyo ina upande wa faraja ambao hausemwi vya kutosha. Siku tutakapofikia sifuri halisi, yaani tusiongeze hewa ukaa zaidi ya ile tunayoiondoa, joto linatarajiwa kuacha kupanda ndani ya miaka michache. Halitashuka upesi, maana deni bado lipo, lakini halitaendelea kukua lenyewe. Kwa hiyo usemi kwamba "tumeshachelewa, basi" hauna msingi. Kila tani inayozuiwa ina sehemu yake katika joto la mwisho, iwe tumevuka kikomo fulani au hatujavuka.

Methani ina tabia nyingine. Hudumu angani kama miaka 12 tu, lakini katika kipindi cha miaka 20 tani moja yake hupasha dunia moto kama mara 80 ya tani moja ya hewa ukaa. Hutoka kwenye visima na mabomba ya gesi yanayovuja, migodi ya makaa ya mawe, matumbo ya ng'ombe, mashamba ya mpunga yaliyofurika maji na majalala yanayooza. Kwa kuwa inaisha upesi, kuipunguza huleta matokeo ambayo tulio hai leo tunaweza kuyaona. Kuziba bomba la gesi linalovuja ni kazi isiyo na utukufu wowote, lakini nathubutu kusema inafaa kuliko makongamano mengi.

Mbona isiwe jua?

Lingekuwa jua, angahewa yote ingepata joto, chini na juu. Vipimo vinaonyesha kinyume: tabaka la chini tunamoishi linazidi kupata joto huku tabaka la juu, stratosfia, likipoa, kwa sababu joto linanaswa huku chini na gesi zilizoko kule juu hutupa joto lao nje, kwenye anga za mbali. Tena nguvu ya jua imekuwa ikipimwa kwa setilaiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na haijaonyesha kupanda kunakoweza kueleza joto hili. Volkano zote kwa pamoja hutoa chini ya asilimia 1 ya hewa ukaa anayotoa binadamu.

Upo pia ushahidi ulio ndani ya hewa ukaa yenyewe. Kaboni iliyozikwa ardhini kwa mamilioni ya miaka imepoteza kabisa aina yake yenye mnururisho, kaboni-14. Kadiri tunavyochoma makaa na mafuta, ndivyo kaboni ya angani inavyozidi kubeba alama ya ile kaboni kongwe. Mwizi ameacha nyayo.

Nyuzi moja na nusu ni nini hasa

Mtu husikia kwamba joto limepanda kwa nyuzi 1.5 akacheka, kati ya alfajiri na adhuhuri joto la mahali pamoja hupanda nyuzi 10 na hakuna anayekufa. Lakini wastani wa dunia nzima si joto la mahali pamoja. Miaka 20,000 hivi iliyopita, katika kilele cha enzi ya barafu, dunia ilikuwa na baridi zaidi kwa nyuzi 5 au 6 tu kuliko kabla ya viwanda. Nyuzi hizo chache zilitosha kuifunika sehemu kubwa ya Amerika ya Kaskazini kwa barafu yenye unene wa kilometa kadhaa, na kuifanya bahari iwe chini ya ilivyo leo kwa kama mita 120. Ukiwa na kipimo hicho kichwani, nyuzi moja na nusu haichekeshi tena.

Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kuvuka nyuzi 1.5 juu ya wastani wa 1850 hadi 1900. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikadiria 1.55. Makubaliano ya Paris ya 2015, yanayotaka joto libaki chini sana ya nyuzi 2 na juhudi zifanywe lisipite 1.5, yanahusu wastani wa muda mrefu, kwa hiyo mwaka mmoja hauyavunji. Unaonyesha tu tulipofika.

Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada huingia baharini. Maji yakipata moto hutanuka, na hiyo ni sababu mojawapo ya bahari kupanda. Nyingine ni barafu ya nchi kavu inayoyeyuka na kutiririkia baharini. Tangu mwanzo wa karne iliyopita bahari imepanda kwa kama sentimita 20, na kasi inaongezeka. Barafu inayoelea tayari, kama ile ya Aktiki, ikiyeyuka haiongezi kina kwa kiasi cha kutajika.

Jambo linalowachanganya wengi ni jinsi joto lilelile linavyoweza kuleta ukame na mafuriko. Jibu limo katika ile asilimia 7 ya mvuke. Hewa yenye joto ina kiu zaidi: pasipo na mvua hunyonya unyevu wa udongo haraka na kuzidisha ukavu, na pale inapoamua kumwaga, huwa imebeba zaidi. Mahali pamoja panaweza kuyaona yote mawili katika mwaka mmoja.

Na kabla hatujatoka hapa, tabaka la ozoni ni kesi nyingine. Tundu la ozoni lilisababishwa na gesi za klorofluorokaboni zilizotumika kwenye majokofu na makopo ya kupuliza, na madhara yake ni kuruhusu miale hatari ya jua kufika chini. Itifaki ya Montreal ya 1987 ilizipiga marufuku, na ozoni inapona polepole. Watu huchanganya visa hivi viwili kila siku, hata kwenye vitabu vya shule. Vinakutana mahali pamoja tu, nitakapopafikia.

Mtu mmoja aanzie wapi

Mwanzoni mwa karne hii kampuni ya mafuta ya BP iliendesha matangazo makubwa ya kuwahimiza watu wapime alama ya kaboni, yaani kiasi cha gesijoto kinachotokana na maisha yao. Wazo la kupima si baya. Lakini ukiona muuza mafuta anakufundisha kujilaumu, jiulize lawama ilikuwa inaelekea wapi kabla haijaelekezwa kwako. Upande wa pili wako wanaosema kwamba kampuni na serikali ndizo zenye kosa, hivyo mtu wa kawaida astarehe. Nao wanasahau kwamba kampuni huchimba mafuta kwa sababu kuna anayeyachoma.

Ushauri wowote unaotolewa kwa "watu wote" hauna maana, kwa sababu watu wote hawatoi sawa. Jopo lile la wanasayansi linakadiria kwamba asilimia 10 ya kaya zinazotoa zaidi duniani huchangia kati ya asilimia 34 na 45 ya gesijoto za kaya zote, ilhali nusu nzima ya chini huchangia asilimia 13 hadi 15. Kumwambia apunguze safari za ndege mtu ambaye hajawahi kupanda ndege ni kejeli.

Kwa yule anayetoa sana, mambo makubwa ni machache. Mwaka 2017 watafiti Seth Wynes na Kimberly Nicholas walilinganisha hatua mbalimbali kwa kutumia takwimu za nchi tajiri: kuishi bila gari binafsi huokoa kama tani 2.4 za hewa ukaa kwa mwaka. Kuacha safari moja ya ndege ya kwenda na kurudi kuvuka Atlantiki, tani 1.6, kula mimea pekee, tani 0.8. Kurejeleza taka na kubadilisha taa vilikuwa chini sana. Sisemi mfuko wa plastiki utupwe mtoni; plastiki ina madhara yake. Ila mtu anayebeba kikapu cha ukindu sokoni na kupanda ndege mara sita kwa mwaka asidhani hesabu zake zinalingana. Nguvu zetu nyingi tunazielekeza kwenye vitu vinavyoonekana, na hewa ukaa haionekani.

Asiyeweza kuacha gari anaweza kutazama injini. Injini ya petroli hugeuza kama robo tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo, iliyobaki hupotea kama joto. Mota ya umeme hutumia zaidi ya robo tatu. Basi lililojaa bado linayashinda magari ya aina zote mbili yakibeba mtu mmoja mmoja.

Chakula kinamgusa kila mtu. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 asilimia 19 ya chakula kilichowafikia walaji, kwenye kaya, mikahawa na maduka, kilitupwa. Ukijumlisha na kinachoharibika mashambani na njiani, upotevu huo hubeba asilimia 8 hadi 10 ya gesijoto zote. Hakuna anayefaidika na chakula kinachooza, kwa hiyo hapa hakuna hata cha kubishania. Pika kinacholiwa.

Zaidi ya watu bilioni 2 bado wanapikia kuni, mkaa au kinyesi cha mifugo, na moshi wake huua kama watu milioni 3 kila mwaka. Kuhamia umeme au gesi kunapunguza pia shinikizo kwa misitu, lakini sababu ya kwanza iwe mapafu ya mpishi. Nasikitika kuona familia maskini zikihubiriwa majiko safi kana kwamba deni la tabianchi ni lao.

Kuhusu miti: panda, lakini usijidanganye. Mche unahitaji miongo kadhaa kuvuta kaboni ya maana, na ukikatwa au kuungua, kaboni yote inarudi. Msitu uliokwisha kusimama una akiba tayari, hivyo kuulinda ni bora kuliko kupanda mwingine badala yake. Kampuni inayokuuzia tiketi ya ndege pamoja na ahadi ya miche haijafuta chochote mpaka miche hiyo iishi karne.

Sasa tufike pale ozoni na joto vinapokutana. Gesi zilizochukua nafasi ya zile zilizopigwa marufuku, hidrofluorokaboni, haziharibu ozoni lakini hunasa joto vibaya mno. Kiyoyozi cha chumba kimoja huweza kuwa na kama kilo moja ya gesi iitwayo R410A, na kilo hiyo ikiachiwa hewani ni sawa na tani 2 za hewa ukaa, zaidi ya ile safari ya kuvuka Atlantiki. Mafundi wengi hufungua bomba tu, gesi ikaisha kwa mluzi wa nusu dakika. Mwaka 2016 mjini Kigali nchi zilikubaliana kuipunguza jamii hii ya gesi, na makubaliano hayo yakitekelezwa yanaweza kuiepushia dunia hadi nyuzi 0.5 kufikia mwisho wa karne. Unaponunua friji, soma kibandiko cha nyuma: R600a na R290 zina athari ndogo sana. Kifaa kikifa, mwite fundi mwenye mashine ya kuvuta gesi kwenye mtungi.

Mfano huo unaonyesha pia mahali ambapo mtu mmoja ana uzito mkubwa kuliko anavyofikiri, nako ni kazini kwake. Kama mteja, nina kiyoyozi kimoja au sina kabisa. Fundi anayeng'oa viyoyozi vikuukuu mia vya aina hiyo na kuikusanya gesi yake yote huzuia kama tani 200, ambazo hakuna mlo wala baiskeli itakayompatia. Vivyo hivyo kwa ofisa manunuzi anayeandika masharti ya zabuni ya mabasi, msanifu anayeamua madirisha ya jengo yaelekee wapi, au mjumbe wa bodi ya mfuko wa pensheni anayeuliza fedha za wanachama zimewekezwa kwenye makaa ya mawe kiasi gani. Diwani na mbunge nao huwajibu wapiga kura, wakiulizwa.

Hata bila cheo, tendo linaloonekana huambukiza. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba paneli za sola zikifungwa kwenye paa moja, uwezekano wa majirani kufunga zao huongezeka. Si lazima mtu awahubirie. Huenda walizitazama tu juu ya paa, wakamuuliza mwenye nyumba bili ya umeme imeshuka kiasi gani.